Ukurasa Usiobadilika

Levolosi, Arusha
4 Machi 2002

Mdogo wangu Lerionka,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Momela, na kwamba nyati hawajaingia tena kwenye bustani ya shule. Mwalimu mzima kufukuzwa na nyati akiwa na ndoo ya maji mkononi ni jambo ambalo bado linanichekesha. Sisi Levolosi tuko salama. Umeme unakatika, unarudi, wanafunzi wananung'unika, maisha yanaendelea.

Nakuandikia kwa sababu kitabu kimekwisha. Nasema *Kompyuta Bila Woga*, kile tulichokianza mimi na Namelok mwaka juzi hapa hapa darasani kwangu, baada ya kuchoka kueleza kitu kimoja mara hamsini kwa siku. Sura tatu za kwanza ni zangu. Kuanzia ya nne hadi ya tisa ni za dada yako. Ile ya tisa aliiacha nusu, nikaimalizia kutoka kwenye lile daftari la kijani ulilonipa baada ya maziko. Sikuongeza la kwangu isipokuwa pale alipoandika pembeni, "Hapa Nusura ataeleza." Nimeeleza.

Sasa sikiliza. Kuna kikundi Dar es Salaam kinachoshughulika na programu huru, zile ambazo mtu ana ruhusa ya kuzinakili, kuzifungua ndani na kuzirekebisha bila kumpigia mtu magoti. Wanatengeneza diski za kupeleka shule arobaini zenye kompyuta, na hawana kitabu cha Kiswahili. Wamekiona chetu, wamekipenda. Lakini wanasema hawawezi kukitia kwenye diski bila leseni. Nilidhani mtu akigawa kitu bure basi yamekwisha. Kumbe kitabu kisichokuwa na leseni kinabaki mali ya aliyekiandika, na anayekinakili anavunja sheria hata kama mwenyewe anatabasamu.

Wamenipa leseni mbili nichague. Moja ni fupi, nusu ukurasa. Inasema: chukua, nakili, badilisha lolote utakalo, ila useme kwamba umebadilisha, na umwachie anayefuata ruhusa hiyo hiyo. Ya pili ni ndefu, nimeisoma siku tatu na kichwa kikaniuma. Nayo inaruhusu watu kubadilisha, lakini mwandishi anaweza kutaja ukurasa fulani akasema huu haubadiliki. Ukifungwa umefungwa. Kila nakala itakayotoka, hata miaka mia ijayo, lazima ukurasa huo uwemo kama ulivyo.

Nimechagua ndefu. Ukurasa nitakaoufunga ni Neno la Mwanzo, ambalo nimeandika habari za Namelok. Watu watarekebisha sura zake kadiri kompyuta zinavyobadilika, hilo sina neno nalo, lakini hakuna atakayemwondoa yeye.

Kimebaki kitu kimoja. Binamu yangu Saadi ni karani kwa wakili, ameniambia kwamba haki ya mwandishi akifariki inakwenda kwa warithi. Namelok hakuolewa, hakuacha mtoto, na baba yenu mzee Philemoni alitangulia. Kwa hiyo nusu ya kitabu hiki ni ya mama yenu. Nimeambatisha fomu. Ukienda nyumbani Oldonyo Sambu, msomee, umweleze, atie dole gumba pale chini. Wa Dar wanafunga kazi tarehe 30 Aprili.

Mpe Mama Namelok shikamoo yangu.

Dada yako,
Nusura Omary


Momela
17 Machi 2002

Dada Nusura,

Shikamoo. Barua imefika na fomu nimeiona. Nyati hawajarudi. Tumepata tembo mmoja, amekula mahindi ya mwalimu mkuu peke yake, walimu wengine hatukuguswa.

Hongera kwa kumaliza. Nimesoma sura zote ulizonitumia. Zile sita ni kama namsikia anavyosema, hasa pale anapomwambia msomaji asibonyeze kitufe kama anayeua siafu.

Kuhusu leseni nina maoni tofauti, naomba usikasirike. Nadhani ile fupi inatufaa zaidi. Kwanza, leseni ndefu ni ngumu kueleweka. Wewe imekuumiza kichwa, je, mwalimu wa shule ya msingi? Pili, nimekisoma kipande ulichonakili. Ukurasa uliofungwa unapaswa kwenda popote kitabu kinapokwenda, hata kipande chake. Mimi nikitaka kuwapa wanafunzi karatasi mbili za sura ya tano tu, lazima niambatishe na Neno la Mwanzo. Hapa tuna mashine moja ya chapa na karatasi tunahesabu. Tatu, kuna siku mtu atataka kukitafsiri kwa Kimaasai, na ukurasa ule utabaki pale kama jiwe katikati ya shamba.

Neno la Mwanzo lenyewe ni zuri. Nashauri tu liwe fupi, liseme kitabu kimeandikwa na walimu wawili, basi. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujionyesha.

Mama hajambo, anakusalimu. Miguu inamsumbua kidogo. Nitakwenda nyumbani nikipata nafasi.

Wako,
Lerionka


Levolosi
25 Machi 2002

Lerionka,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Karatasi! Ukurasa mmoja unakumalizia karatasi? Nitakutumia rimu nzima, tena nitaibeba kichwani mwenyewe hadi Momela, tembo na anione.

"Kimeandikwa na walimu wawili, basi." Mimi nipo. Nikitaka kujulikana nitasimama barabarani niseme jina langu. Yeye hayupo, na hiki ndicho alichoacha. Ngoja nikuandikie hapa kipande cha huo ukurasa, labda hukukisoma vizuri:

"Namelok Philemoni alizaliwa Oldonyo Sambu mwaka 1971. Alifundisha kompyuta Levolosi siku za kazi, na kila Jumamosi alipanda gari la mizigo kurudi kufundisha usharikani kwao, kwenye kompyuta mbili na jenereta moja. Namelok aliamini kwamba mtu anayejua kukamua ng'ombe mkali hawezi kushindwa na kipanya. Sura sita za kitabu hiki ni zake. Alifariki kwa homa ya mapafu Septemba 2001, akiwa bado anaandika."

Niambie ni neno gani hapo linakuudhi.

Halafu kuna kitu nimekiona, nitakisema wazi maana mimi siwezi kulala na neno kifuani. Katika barua yako nzima hukuandika jina lake hata mara moja. Umeandika "yeye", umeandika "anavyosema". Nikakumbuka na ule msalaba kaburini, una tarehe mbili tu na hakuna jina. Siku ile nilidhani fundi rangi hajamaliza. Sasa najiuliza. Unajua, kwetu tunapomkumbuka maiti tunamtaja, tunamsomea, tunamwombea kwa jina lake na la mama yake. Asiyetajwa ndiye tunayemwonea huruma.

Kama kuna jambo, sema. Kama hakuna, naomba fomu.

Nusura


Momela
6 Aprili 2002

Dada Nusura,

Shikamoo. Hakuna jambo. Nilikuwa natazama upande wa matumizi tu, na wewe ndiye uliyekaa na kitabu, kwa hiyo amua unavyoona.

Fomu ni hii. Mama amekubali, dole liko chini.

Ombi langu ni moja. Nakala zozote zitakazokwenda usharikani Oldonyo Sambu zipitie kwangu kwanza, nitazipeleka mwenyewe. Tafadhali sana kwa hilo.

Mvua zimeanza. Njia ya huku imekuwa utelezi.

Lerionka


Levolosi
20 Aprili 2002

Mdogo wangu Lerionka,

Fomu ilifika, nikaipeleka Dar kwa basi siku hiyo hiyo pamoja na kitabu. Wamejibu kwamba kila kitu kiko sawa. Leseni ni ile ndefu, Neno la Mwanzo limefungwa, na diski zinaanza kutengenezwa mwezi ujao. Jana nilikaa nikalia kidogo, halafu nikaenda kununua samaki.

Sasa usinikemee. Najua ulisema nakala za usharikani zipitie kwako, lakini ungezifikisha lini, na utelezi huo? Nimechapisha ishirini hapa mjini, nikazibana vizuri, nikampa Mwinjilisti Elirehema alipokuja kuchukua vifaa. Ndiye aliyehamishiwa usharikani kwenu Januari, kijana mchangamfu kutoka upande wa Poli. Anasema Jumapili ya tarehe 28 wanabariki chumba kipya cha kompyuta, na atasoma Neno la Mwanzo mbele ya watu wote. Nimempa na fotokopi ya fomu, ili usharika uone kwamba familia imeridhia. Nakala moja nimeifunga peke yake kwa karatasi nzuri, juu yake nimeandika kwa kalamu nene, KWA MAMA NAMELOK.

Nilitaka iwe zawadi ya ghafla. Nimeshindwa kukaa nayo, nakuambia. Ukiweza kufika siku hiyo, fika.

Dada yako,
Nusura


Oldonyo Sambu
2 Mei 2002

Dada Nusura,

Barua yako ya tarehe 20 niliipata tarehe 29. Ningefika nyumbani usiku wa kuamkia ibada, labda ningesaidia kitu. Nilifika Jumanne, haikusaidia.

Nitakueleza kama nilivyoelezwa na Magdalena, mwalimu wa chekechea aliyekuwa amekaa karibu na mama. Ibada ilikwenda vizuri. Chumba kilibarikiwa, kwaya ikaimba. Kisha Elirehema akapanda na kitabu, akasoma ule ukurasa. Anajua kusoma mbele za watu, sauti yake inafika hadi nje. Jina lake lilipotoka mara ya kwanza, wazee wakatazama chini na mama akashika benchi la mbele. Elirehema akadhani watu wameguswa, akapandisha sauti. Lilipotoka mara ya pili, mama akasimama akatoka, akaacha fimbo yake pale. Akatembea hadi nyumbani bila fimbo, na unajua miguu yake.

Kwetu mtu akifariki jina lake halitajwi mbele ya waliomzaa. Halitajwi nyumbani, wala watoto wengine hawalichukui. Si sheria ya kanisa, na mchungaji hakuwahi kulisemea, alituachia. Vijana wengi hawajali tena. Mama alibatizwa mwaka 1968, anaimba sauti ya pili, ana kadi ya usharika isiyokosa hata mwezi, lakini hili hajaliacha. Fundi rangi alimaliza kazi yake kaburini. Aliambiwa aandike tarehe tu.

Ulipoandika "Mama Namelok" kwenye barua ya kwanza nilipaswa kukueleza. Kila mtu alimwita hivyo miaka thelathini, na tangu Septemba hakuna anayemwita hivyo. Wewe hukujua, nami niliona aibu. Nilidhani utasema mwalimu mzima bado anashikilia mambo ya kale, na ile habari ya karatasi na tafsiri nikaitanguliza mbele kama ngao.

Sasa sehemu mbaya. Elirehema alikwenda Jumatatu kuomba radhi. Maskini hakujua kosa lake ni nini, akasema, "Lakini mama, si wewe uliyekubali? Dole lako hili hapa." Akamwonyesha fotokopi. Mama hasomi, lakini dole lake analijua. Lina kovu la mundu tangu usichana, limepasuka katikati. Lile la kwenye karatasi halina kovu.

Nilipofika Jumanne alikuwa amekaa mlangoni. Hakuitikia salamu. Alisema, "Lete mkono." Nikampa. Akakitazama kidole changu, akaweka karatasi pembeni yake, akatazama tena. Halafu akaurudisha mkono wangu kama mtu anavyorudisha bakuli la jirani, akaingia ndani.

Sikwenda nyumbani kabisa kabla ya kukutumia fomu, dada. Nilitia dole langu Momela, ofisini kwa walimu, kwa wino wa muhuri wa shule. Ili nimsomee ile fomu ningelazimika kulitaja jina mbele yake, nikajaribu kichwani, sikuweza. Nikaona ni rahisi kudanganya. Nakala nilitaka nizifiche, hiyo ndiyo iliyokuwa mipango yangu yote.

Ukurasa umefungwa, na aliyeufunga ni mimi. Nimejawa na aibu.

Lerionka


Levolosi
9 Mei 2002

Lerionka,

Nilikuwa nimeandika kurasa nne za kukutukana. Zakia, dada yangu, amezisoma akasema nichome, nimechoma. Lakini ujue ziliandikwa.

Ulimtia mama yako neno kinywani ambalo hakulisema, ukaliacha liende likamkute kanisani. Hilo limenikasirisha na bado. Na mimi je? Nilitaka zawadi ya ghafla. Uliniomba kitu kimoja, "tafadhali sana", nikakipita kwa sababu nilijiona najua kuliko wewe. Tena kuna jambo jingine ambalo huna habari nalo: mwezi wa tatu niliwaambia Saadi na Zakia kwamba unataka kumfuta dada yako ili kitabu kibaki chako. Nimewaambia sasa kwamba nilisema uongo. Naomba unisamehe.

Yanayohusu kitabu ni haya. Saadi anasema dole la uongo ni sawa na hakuna dole. Leseni haipo. Nimewapigia simu wa Dar, nikawaambia tu kwamba mrithi hajaridhia, sikutaja mengine. Diski hazijatoka bado. Watasubiri hadi tarehe 31 Mei, baada ya hapo wanafunga bila kitabu, na shule arobaini zitapata kompyuta zinazosema Kiingereza na hakuna wa kuzieleza.

Usijaribu kurekebisha kitu. Usimsihi mama, usimpelekee karatasi. Nimemwandikia mwenyewe kupitia kwa Magdalena. Jibu atakalotoa ndilo hilo. Akisema kitabu kisitoke, hakitatoka, na sitamuuliza mara ya pili.

Nusura


Levolosi
9 Mei 2002

Kwa mama yangu wa Oldonyo Sambu,

Shikamoo mama.

Mimi ni Nusura binti Omary, wa Levolosi. Nilikaa na binti yako miaka minne, tukifundisha chumba kimoja na kula sahani moja. Kosa la Jumapili ile ni langu. Sikujua, na nilipoombwa ningoje sikungoja. Nimekuumiza, na nimelia kwa hilo.

Sijui hata nikuiteje. Jina nililozoea kukuita nimeambiwa halifai tena, na lako la ubatizo sioni kama ni adabu mtoto kulitaja. Nisamehe kwa barua isiyo na jina juu yake.

Kitabu alichoandika ni chako nusu, kwa sheria. Bila ruhusa yako hakuna anayeweza kukinakili. Yako mambo matatu, mama, uchague.

La kwanza ni leseni ndefu, yenye ukurasa usiobadilika. Mimi niliichagua ili asisahaulike. La pili ni leseni fupi, ambapo kila ukurasa unaweza kubadilishwa na yeyote, kwa sababu nzuri au mbaya, na hatutaweza kumzuia. La tatu ni kusema hapana. Ukisema hapana nitawarudishia wa Dar karatasi zao, na nakala zote za usharikani nitakuja kuzichukua.

Sitakasirika kwa lolote. Magdalena atakusomea, na nimemwambia pale pa jina asome "binti yako".

Mwanao,
Nusura


Oldonyo Sambu
19 Mei 2002

Nusura,

Marahaba. Anayeandika ni Magdalena, lakini maneno ni yangu mimi Lydia, na nimemwambia asiyapambe. Amenisomea barua yako mara tatu, maana mara mbili za kwanza nilikuwa na hasira nikawa sisikii.

Siku ile kanisani niliumia sana. Nilitaka kumpiga yule kijana Elirehema kwa kitabu chenyewe. Amekuja mara nne kuomba radhi na kila akija anakunywa maziwa yangu, sasa nimemwambia imetosha. Hakujua. Wewe pia hukujua. Lerionka alijua. Nimemwambia aje kila Jumamosi atengeneze zizi hadi nitakaposema basi, na sijui nitasema lini. Hilo ni letu, usiliingilie.

Nimemwuliza Magdalena kitabu kinasema nini. Alinisomea sura ile ya kuandika barua kwa mashine, na ile ya kuhifadhi kazi ili umeme ukikatika isipotee. Nilimsikia mwanangu. Nilisema asome tena, akasoma tena hadi ng'ombe wakarudi. Kwa hiyo sisemi hapana. Kitabu kitoke.

Sasa hizo leseni. Wewe unataka ukurasa usiobadilika. Nimelifikiria jambo hilo nikiwa nakamua, na naona wewe ni kijana bado. Hivi ndivyo ninavyotaka uandike, Magdalena ameandika kwenye karatasi ya pembeni nami nimetia dole langu, lenye kovu: "Sura ya nne hadi ya tisa zimeandikwa na binti wa Lydia wa Oldonyo Sambu." Hayo mengine ya gari la mizigo na ng'ombe mkali yaache yalivyo, ni kweli. Jina langu liweke waziwazi. Mimi ni mzima, linasomwa kwenye orodha kanisani na kwenye foleni ya maji, halimdhuru mtu. Watoto walisome kwa sauti watakavyo.

Lakini mimi ni mzee, Nusura. Siku moja nami nitaondoka, na siku hiyo jina langu litakuwa kama la kwake. Lerionka hataweza kulisikia darasani. Namjua, hakuweza kutamka moja mbele yangu, akaona afadhali aibe dole. Siku hiyo nataka awe na ruhusa ya kulitoa, aandike "dada yake Lerionka". Naye akiondoka, kuna mwanafunzi wake atakayeandika la mtu aliye hai. Ukiufunga ukurasa kwa jina langu, utawaumiza watoto wangu kama ulivyoniumiza mimi. Chagua ile fupi.

Unasema mtu mbaya anaweza kuutoa ukurasa wote. Anaweza. Mtu mbaya anaweza kufanya mengi, sikumzaa mimi.

Jambo jingine. Magdalena anasema ninyi kwenu mnawataja wafu na kuwaombea kwa majina. Basi usiache kwa ajili yetu. Huko Levolosi mtaje, mwombee kwa jina lake na la mama yake, ambalo sasa unalijua. Mimi siwezi, na sipendi kudhani kwamba hakuna mahali popote anapoitwa.

Njoo ukipata nafasi, utazame kaburi na tunywe chai. Umeuliza uniiteje. Siku hizi watu wananiita Mama Lerionka. Sijalizoea bado. Ukiita nisipogeuka, ita tena.

Lydia